Sungura wa chinchilla: kujua kama ana mimba

Dada, huyo sungura wako jike wa aina ya chinchilla uliyemwekea dume wiki iliyopita na sasa anamfukuza dume huyo kila kona, kufukuza peke yake si dalili ya kutosha, mpapase tumbo polepole kati ya siku ya 10 na ya 14 tangu apandwe, utasikia vitu vya mviringo kama zabibu vikiteleza vidoleni, tafadhali usifinye utaumiza watoto. Kama hujawahi kupapasa afadhali uite daktari wa mifugo. Mimba ni siku 31 hivi, siku ya 28 weka boksi na nyasi kavu, atang'oa manyoya yake atandike, lakini aking'oa mapema kama siku ya 17 huenda ni mimba ya uongo. Dume mtoe sasa hivi, maana jike akizaa anaweza kushika mimba ingine siku hiyo hiyo na hiyo itammaliza nguvu kabisa. Halafu joto la Kisumu jamani, kibanda kikae kivulini hewa ipite na maji yasiishe hata usiku, hapo ndipo wengi hupoteza mama. Akishazaa usishtuke kuona hakai na watoto, hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, wewe angalia matumbo yao kama yamejaa.