Ukimkumbuka mwalimu wako, andika 95

Padri aliyetufundisha fizikia na kemia hapa Bukavu alipofariki, simu yangu haikunyamaza siku nzima. Wanafunzi wake wa miaka yote waliandika, wa Kadutu, wa Kinshasa, wa Ubelgiji. Mtu wa Mungu. Mpole. Mchapakazi. Pengo lake halitazibika. Yote ni kweli, lakini ukibadilisha jina tu, maneno hayo hayo yangemfaa mzee yeyote aliyezikwa wiki ile. Na mimi niliandika hivyo hivyo.

Usiku ndipo nilipokumbuka somo la maji.

Umeme ulikuwa umekatika, basi akaleta mbabula kutoka jikoni kwa mapadri, makala yameshawaka, akaiweka juu ya matofali mawili karibu na dirisha. Ubaoni, pembeni juu, zilikuwepo herufi zake nne za kila siku, A.M.D.G., yaani kwa utukufu mkubwa zaidi wa Mungu, kama desturi ya Wayesuiti. Maji yakachemka. Tukaitwa mmoja mmoja tusome kipimajoto na kuandika daftarini. Sote tukaandika 100, maana kitabu kilisema 100. Akapita kati ya madawati, mikono nyuma, kanzu yake imetobolewa na tindikali karibu na mfuko. Hakukemea. Alisema tu: "Mmeandika kitabu. Rudini mwandike kipimajoto."

Tuliporudi tuliona kweli. Maji yanatokota, na zebaki imesimama kwenye 95. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji hapa ni pungufu kuliko pwani, kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika 100. Ndiyo sababu maharagwe yetu yanakula makala mengi hivyo. Mama yangu alikuwa akiweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria tangu sijazaliwa. Siku ile nilirudi nyumbani nikalitazama jiwe lile kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mwalimu akifariki, usiandike 100. Andika ulichokiona wewe. Alileta nini darasani? Alisema nini ulipokosea? Fanyeni hivyo siku zile zile za matanga, watu wakiwa bado wamekaa pamoja, kwa sababu baada ya mwezi kila mtu amerudi kwenye kazi zake. Achaguliwe mmoja mwenye daftari, naye aulize kila kundi, wazee kwa vijana.

Sisi tulifanya hivyo, na mwenzetu anayeishi Goma akatupa kitu ambacho darasa letu hatukukipata. Kwao Padri alileta chupa ya soda, akaitikisa, akaifungulia dirishani, povu likaruka. Kisha akawaonyesha ziwa Kivu pale chini. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 480, na huko chini kumeyeyuka kaboni dioksidi na methani nyingi mno, zimebanwa na uzito wa maji kama soda inavyobanwa na kizibo. Akawasimulia ziwa Nyos la Kamerun, ambako gesi ilitoka usiku wa Agosti 1986 ikaua watu wapatao 1,700. Hakuwaacha na hofu. Aliwaambia methani hiyo inaweza kuwasha taa, na leo upande wa Rwanda inatoa umeme kweli. Mwenzetu alisimulia haya huku analia, na sisi tukalia naye.

Ukali wake pia uandikeni. Mimi alinipa sifuri kwa vipimo nilivyonakili kwa jirani, vipimo ambavyo vilikuwa sahihi. Nimeuweka ukurasa huo kwenye daftari letu, nao ninaupenda kuliko yote.

Kila tarehe 29 Oktoba mji wetu unamkumbuka Askofu Mkuu Munzihirwa, Myesuiti naye, aliyeuawa hapa mwaka 1996. Askofu anakumbukwa na mji mzima. Mwalimu ana wanafunzi wake tu, wakinyamaza, basi.

Kuhusu pesa za michango: wengi walitaka fulana zenye picha yake. Tulibishana sana, mwisho tukanunua vipimajoto na kuvipeleka shule moja ya mlimani isiyo na maabara. Kabla ya kuvipeleka niliweka kimoja kwenye maji ya chai nyumbani, nikamwita binti yangu asome. Alisoma mara mbili, akaniambia kimeharibika. Nikampa jiwe la bibi yake alishike, tukaanza kuongea.

Walimu wengine wangali hai. Jumamosi nitakwenda kwa yule wa hesabu, amezeeka sana na haoni vizuri. Nimeshaongea na mtoto wake. Daftari ninalo.