Kifusi kwenye nyumba ya kupanga: msianze na wapangaji

Ndugu yangu wa Tabora, nimekusoma. Nyumba ya jirani imejaa vioo, vyuma na mabati ya zamani, mwenye nyumba haonekani, na mwenyekiti wa mtaa kakwambia "ongeeni wenyewe kwa wenyewe". Sisi huku Kigoma hilo limetupata, na kidogo tuliharibu kwa hasira zetu.

Kwetu ni mteremkoni, njia ya kushukia ziwani. Mvua za Novemba ziliangusha ukuta wa uani wa nyumba ya vyumba sita, yote imepangishwa. Mwenyewe anaishi Dar, kodi inakusanywa na msimamizi. Fundi akaletwa, akajenga ukuta, akaezeka bati jipya, kisha vya zamani vyote akavimwaga pembeni ya njia: matofali, mbao zenye misumari, vioo vya madirisha, na vipande vya paa la kijivu, lile la asbestosi. Pale pale kuna shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa bati bovu tu.

Tukamwambia balozi. Tukamwambia mwenyekiti, akasema atalifuatilia. Wiki tatu kimya. Ndipo tukaenda pale jioni, watu saba, tukawafokea wapangaji. Mama mmoja anayeuza dagaa alikuwa anaanua dagaa wake kwenye chanja, hatua mbili kutoka kwenye kifusi. Hakubisha. Alisema tu, "Wanangu, mimi nalipa kodi. Nikisema neno nikatolewa, hawa watoto nitawalaza wapi?" Nimeibeba ile aibu mpaka leo. Wao ndio waliokuwa wanalala karibu zaidi na hatari, na sisi tumekwenda kuwaongezea hofu.

Siku chache baadaye mwanangu wa darasa la pili akakanyaga msumari, ukapita kandambili hadi kwenye nyama. Wakati anachomwa sindano ya pepopunda nikamuuliza walikuwa wanafanya nini kule. Akasema walifuata chaki. Chaki gani? Nilipofika nyumbani nikaona mwenyewe: mistari yote ya rede pale njiani imechorwa kwa vipande vya asbestosi. Vumbi lake lina nyuzi ndogo sana usizoziona kwa macho, ukizivuta zinabaki kwenye mapafu, na ugonjwa wake, hata saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka ishirini au zaidi. Usiku ule sikulala.

Kesho yake nikarudi kwa yule mama, peke yangu, nikaomba radhi. Tukaandika barua pamoja. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Msiandike "uchafu". Ukisema uchafu, ofisini wanaelewa taka za jikoni na utaambiwa mfagie. Andikeni hatari moja moja na mahali ilipo: misumari, vioo, asbestosi, shimo lisilo na mfuniko, hatua ngapi kutoka njia ya watoto wa shule. Mlalamikiwa awe mwenye nyumba, na mseme wazi kwamba wapangaji nao wanaathirika. Kwetu wawili walitia saini. Wengine waliogopa, hatukuwalazimisha. Ambatanisheni picha. Barua iende kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa bwana afya. Usiondoke ofisini kabla nakala yako haijagongwa mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Maneno ya mdomo yanasahaulika, ila mhuri wao wenyewe hawawezi kuukana.

Bwana afya ndiye mtu wako hasa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaruhusu mwenye eneo kupewa ilani ya kuondoa kero ya namna hii, na akikaidi kufikishwa mahakamani. Wa kwetu alikuja na pikipiki, akapima, akapiga picha zake, akamwachia msimamizi ilani yenye siku za mwisho. Simu kutoka Dar iliingia jioni ile ile, sisi tuliokuwa tunaambiwa mwenye nyumba hapatikani!

Kuhusu asbestosi, nakuomba sana, msijitolee kuizoa wenyewe kwa majembe. Isivunjwe, isifagiwe ikiwa kavu, isichomwe. Wazuieni watoto na msubiri maelekezo ya bwana afya. Ya kwetu ililowanishwa kwa maji, ikafungwa kwenye nailoni nzito, ikaondolewa peke yake chini ya usimamizi wake. Vioo na mbao vilibebwa na tipa. Matofali yalijazwa kwenye lile shimo, juu ikamwagwa zege.

Yule mama bado yupo, kodi haikupandishwa. Chanja lake amelisogeza pale kifusi kilipokuwa, anasema panapata jua mapema.

Barua yenu ikishagongwa mhuri, rudi hapa utuambie siku ngapi zimepita bila jibu, tuone kama ni wakati wa kupanda manispaa.