Maswali yenu: vyama vya wafanyabiashara na demokrasia wapi na wapi?

Swali: Wafanyabiashara si wanatafuta faida tu, demokrasia inawahusu nini?

Faida wanatafuta, nani anabisha. Ila mfanyabiashara mdogo akiwa peke yake ataishia kumpa afisa chochote kitu ili leseni itoke, wakiungana wanadai utaratibu wenyewe ubadilishwe na tozo zitangazwe mapema, hapo hata asiye mwanachama anafaidi. Mkubwa mwenye namba ya waziri kwenye simu wala hana shida na chama.

Swali: Kuna mahali imefanya kazi kweli au ni maneno ya semina?

Tunisia. Mwaka 2013 wanasiasa wawili wa upinzani wameuawa, kazi ya kuandika katiba imekwama, nchi inaelekea kubaya. Wakajitokeza wanne: UGTT ya wafanyakazi, UTICA ya waajiri, jumuiya ya haki za binadamu na chama cha mawakili. Yaani waajiri na wafanyakazi, watu wa kuvutana kila siku kuhusu mishahara, meza moja! Wakawabana wanasiasa mpaka serikali ikakubali kupisha, katiba ikapita Januari 2014, na 2015 wakapewa Nobel ya Amani. Ila tusishangilie sana, 2021 Rais Kais Saied alisimamisha bunge na 2022 ikaja katiba nyingine ya kumwongezea madaraka. Asasi ziliokoa jahazi, usukani haukuwa wao.

Swali: Mwenyekiti wetu ni yuleyule tangu chama kianze, halafu tunatumwa kudai uwazi serikalini. Si kichekesho?

Ni kichekesho ndio, na mkifika kwenye kamati ya bunge mtaulizwa hivyohivyo. Someni katiba ya chama, angalieni mihula na idadi ya sahihi za kuitisha mkutano mkuu, mkusanye. Hesabu zilizokaguliwa ziwe ajenda kabla ya uchaguzi sio baada, maana akishapita tena atawaambia mhazini kasafiri.

Swali: Hela za wafadhili zinatuchafulia jina?

Zikifichwa, ndio. Bandikeni nani katoa ngapi na za kazi gani. Na ada msiache kukusanya hata kama ni ndogo, anayelipa ada ndo anapata ujasiri wa kuuliza.

Swali: Kumfuata mbunge na hoja zetu ni rushwa?

Hapana, ni haki yenu. Pelekeni hoja kwa maandishi, nakala wapeni wanachama wote na waandishi wa habari. Bahasha acheni nyumbani.