Ukipindua Mlio, Usipindue na Kelele

Msomaji ameniandikia kwamba aliweka mlio ndani ya kelele, akapindua wimbi upande wa sikio moja (vilele vikawa mabonde), na hakusikia tofauti yoyote, ingawa mlio ulipaswa kujitokeza juu ya kelele. Kosa la namna hii karibu kila mara liko kwenye mpangilio: alichanganya kwanza, akapindua baadaye.

Ukifanya hivyo, kelele nayo inapinduka pamoja na mlio. Ubongo hunufaika, yaani hunasa mlio kwa urahisi zaidi, pale kelele inapofanana masikioni huku mlio haufanani, au kinyume chake. Vyote viwili vikigeuka pamoja, hujabadilisha kitu. Watafiti wa usikivu Licklider na Hirsh walilionyesha jambo hili mwaka 1948, na watu bado wanalivuruga.

Kwenye programu ya kuhariri sauti, tengeneza kelele nyeupe (mvumo wa masafa yote kwa pamoja) kwenye treki ya mono, yaani ya njia moja, kisha inakili ili kushoto na kulia iwe ileile. Usiiachie programu hiyo izalishe kelele ya stirio, kwa kuwa nyingi hutoa kelele mbili zisizohusiana, na faida inapungua sana. Kwenye treki nyingine weka mlio wa Hz 500, vipande vya nusu sekunde, kila kimoja kianze na kuisha polepole kwa milisekunde 20. La sivyo utasikia mkwaruzo wa mwanzo ukadhani ni mlio. Punguza mlio hadi upotee. Sasa pindua mlio peke yake, upande mmoja tu. Utajitokeza, na itabidi uushushe desibeli 12 hadi 15 hivi ndipo upotee tena.

Ukipanda hadi Hz 4000 usitarajie hayo. Juu ya takriban Hz 1500 ubongo haulinganishi tena mizunguko ya wimbi kati ya masikio, na faida hubaki desibeli 2 au 3.

Spika hazifai, kwani kila sikio husikia zote mbili. Tumia hedfoni, zima madoido yote ya sauti, hifadhi kwa WAV. Simu ikiwa imewekwa mono, kushoto na kulia huchanganywa, na mlio uliopinduliwa hujifuta kabisa. Wengi hulaumu masikio yao bure.

Kama kupindua kunakutatiza, peleka mlio na kelele sikio moja tu mpaka mlio usisikike, halafu ongeza kelele ileile, bila mlio, kwenye sikio la pili. Kelele imezidi, lakini mlio ndio unaosikika.