Wasifu wa marehemu mama aliyekuwa mama wa nyumbani: tulivyoandika sisi

Dada, pole sana kwa msiba. Bwana awatie nguvu wewe na ndugu zako. Umesema mchungaji anataka wasifu wa marehemu kabla ya Ijumaa na umekwama kwenye mstari wa nne, kwa sababu mama yenu hakuajiriwa popote wala hakuwa na cheo. Alimtunza mume, akalea watoto, akasali. Mimi ndiye niliyeandika wasifu wa mama yetu tulipomzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Marangu, kwa hiyo nakueleza tulivyofanya.

Anza kwa kusoma hiyo mistari yako na kuangalia kila sentensi inamhusu nani. Rasimu ya kwanza pale kwetu aliiandika kaka mkubwa, na ilikuwa na heshima zote: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu. Kuanzia hapo ni baba alihamishiwa wapi, baba alipandishwa cheo gani, watoto walisoma wapi na sasa wanafanya kazi wapi. Mama alikuwa amepotea ndani ya historia yake mwenyewe, anakuja kuonekana tena mwishoni akiwa mgonjwa. Mama zetu wengi wanasomewa wasifu wa namna hiyo, na huniuma kila ninapousikia.

Habari za mama wa nyumbani ziko kwa watu aliowahudumia. Kumbuka Dorkasi katika Matendo ya Mitume sura ya 9: alipofariki kule Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea. Nenda ukakae jikoni na wanawake wanaomenya ndizi za msibani, uwaulize mama aliwafanyia nini. Halafu nyamaza, andika.

Kwetu walijibu kwa mtori. Mwanamke yeyote wa mtaani akijifungua, mama alikuwa anafika kwake asubuhi na sufuria limefungwa khanga. Tulijua hilo, lakini tulilichukulia kama jambo la kawaida tu. Wale wanawake ndio waliotueleza lilivyokuwa: alichagua ndizi mshare zilizokomaa vizuri, akaziweka pamoja na nyama yenye mifupa, akazipekecha mpaka zikawa laini kabisa, akatia maziwa. Akifika hasemi mengi. Anamnawisha mzazi mikono, anakaa mpaka bakuli limekwisha, anafua nepi, anaomba, anaondoka. Mmoja alisema mume wake alikuwa amemkimbia, na kwa muda wote wa uzazi ule mtu aliyefungua mlango wake kila siku alikuwa mama yetu. Maneno yake tuliyaweka kwenye wasifu kama alivyoyasema. Yaliposomwa, wanawake kwenye mabenchi ya nyuma walianza kuitikia, na hapo ndipo baba alipolia kwa mara ya kwanza.

Usiandike kwamba hakufanya kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kama majaji waliliona, sisi watoto tutashindwaje kuliona? Kule kwetu kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka, ndizi alizobeba mama kichwani kupeleka sokoni ndizo zilizogeuka ada yetu ya sekondari. Baba mwenyewe aliomba hilo lisomwe. Nanyi ulizeni: nani alikuwa anakama, nani alikata majani ya ng'ombe, mkopo wa upatu ulilipa nini. Ukimkuta mwanamke wa Mithali 31 kwenye ratiba ya ibada, hakikisha msomaji hakatishi njiani. Yule mwanamke ananunua shamba, anapanda mizabibu, anashona na kuuza, na taa yake haizimiki usiku.

Kuhusu imani yake, "alimpenda Mungu" kila mtu atasema. Wewe sema alimpendaje. Mama yetu aliamka saa kumi alfajiri, akapiga magoti kando ya kitanda, akatutaja kwa majina, kifungua mimba mpaka kitinda mimba. Ukuta ulikuwa wa mbao, tulimsikia. Alimtaja pia mdogo wetu aliyefariki akiwa mchanga, kila siku, mahali pake katika mstari, hakumruka hata mara moja. Kwa sababu hiyo, kwenye sehemu ya "ameacha watoto" tuliongeza sentensi ya mtoto aliyemtangulia. Kama mama yenu alifiwa na mtoto, msimwache nje.

Tena mwandikeni mtu. Mama yetu alikuwa mkali. Dada yangu alipoolewa Romani, mama alinuna kwa majuma mengi, hata salamu alizipokea kwa shida. Lakini mtoto wa kwanza alipozaliwa, mama ndiye aliyembeba kwenda kubatizwa, akakaa benchi la mbele katika kanisa la Wakatoliki amevaa kitenge cha Umoja wa Wanawake wa usharika wetu wa Kilutheri. Tulimwomba dada ruhusa tukalisoma. Padri wa kwao alikuwepo mazishini, akatabasamu. Bila ile sehemu ya kununa, sehemu ya benchi isingekuwa na uzito.

Mengine ni madogo. Ugonjwa uwe sentensi mbili. Watu wameshamwona akiumwa, na madaktari mtawashukuru kwenye neno la familia. Andika ukoo wa kwao na kijiji alikozaliwa, maana wajomba zenu watakuwa wamekaa pale wakisikiliza kama binti yao anatajwa. Mpelekee rasimu mwenyekiti wa akina mama kabla ya mchungaji, atakurekebishia miaka ya huduma yake. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Ratiba ikibana, punguza orodha ya kazi za watoto na wajukuu kwanza.

Asome mmoja wenu mwenye sauti tulivu, na nakala ya pili akae nayo mzee wa kanisa, ili msomaji akishindwa kuendelea, yeye apokee pale alipoishia.