Dhambi na jinai: jibu langu kuhusu ndoa ya kihumanisti ya mdogo wako

Dada mleta mada, nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kuanza kuandika. Umeeleza kwamba mdogo wako anayeishi Uingereza ameacha dini mliyolelewa nayo, kwamba anaishi na mwanamume mwenzake, na kwamba sasa amekualika kwenye ndoa yao itakayoongozwa na mhumanisti. Unauliza kama uhumanisti ni dini mpya iliyobuniwa kwa ajili ya wapenzi wa jinsia moja, kama kutetea haki zao ni kupigana na Mungu, na kama wewe usiyeacha sala unaweza kuhudhuria bila kuisaliti imani yako. Nimeishi Uingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiongoza mazishi na harusi za watu wasiofuata dini, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona, na nitaingiza historia pale tu ambapo bila hiyo jambo halieleweki.

Uhumanisti ni mkongwe kuliko mjadala huu. Vyama vya kihumanisti vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam mwaka 1952 na kutoa tamko la pamoja, na wakati huo hakuna aliyekuwa akifikiria ndoa za jinsia moja. Kiini chake ni kwamba jema na baya hupimwa kwa athari zake katika maisha ya watu, kwa akili na kwa huruma, bila kungoja ufunuo. Sisi wenye Kiswahili tunalo neno utu, na kila ninapotakiwa kuwaeleza wenzetu kazi yangu huanzia hapo, maana tangu utotoni tumesikia mtu akiambiwa hana utu bila kuulizwa anasali wapi. Wapenzi wa jinsia moja wengi wana dini, na wahumanisti wengi wana wake na waume kama jirani yako yeyote. Makundi haya mawili yalikutanishwa na sheria, na nitakueleza namna ilivyotokea, lakini kwanza nikupeleke kwenye mazishi.

Mwaka 1998 nilikuwa mfanyakazi katika nyumba ya kulelea wazee. Tulikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akitembelewa kila siku saa kumi na moja jioni na bibi mwenzake. Yule mgeni alikuja na chupa ya chai na mkasi mdogo wa kucha, akakaa upande wa kushoto wa kitanda, kwa sababu sikio la kulia la mgonjwa lilikuwa limeziba, na wakati mwingine akampiga pasi kola ya blauzi akisema kwamba sisi hatukuipiga vizuri. Walikuwa wameishi nyumba moja kwa miaka thelathini na moja. Katika fomu zetu aliandikwa kama rafiki. Kwa wanawake wa pwani yetu angeitwa shoga yake, neno ambalo kwao ni la usuhuba mtupu, na hakuna ambaye angeuliza zaidi.

Mwalimu alipofariki hakuwa ameacha wosia. Kaka yake, ambaye sikuwahi kumwona katika miaka miwili, alifika na kupanga kila kitu, na sheria ilikuwa upande wake, kwa kuwa pasipo wosia mamlaka juu ya maziko na mali yalikwenda kwa ndugu wa damu. Siku ya ibada nilipewa karatasi ya ratiba iliyoorodhesha wafiwa hadi watoto wa binamu. Jina la yule bibi halikuwamo. Kasisi, ambaye naamini alisoma kwa nia njema yale aliyopewa, alisema kwamba marehemu hakuolewa na hakuacha familia. Bibi alikuwa safu ya nne, koti limekunjwa mapajani, na mikononi ameshika kibweta cha miwani ya marehemu. Nilikuwa nyuma yake. Aliposikia maneno yale hakulia. Alikifungua kile kibweta na kukifunga, akakifungua tena na kukifunga, hadi wimbo wa mwisho. Nyumba ilikuwa kwa jina la mwalimu, na baada ya wiki chache bibi aliambiwa aanze kutafuta mahali pa kwenda.

Nimekusimulia haya kwa sababu hakuna sheria ya Uingereza iliyowahi kumfanya yule bibi kuwa mhalifu. Mapenzi kati ya wanawake hayakuwa kosa la jinai huko. Jaribio la kuyafanya kosa lilikwama bungeni mwaka 1921. Kilichomuumiza ni kwamba sheria haikumtambua hata kidogo, na ibada iliyoshika nafasi ya sheria haikuwa na neno la kumtaja. Mtu hahitaji kutupwa gerezani ili aonje kunyimwa haki.

Kwa wanaume mambo yalikuwa makali zaidi, na ni hapo unapopatikana ufunguo wa swali lako la pili. Hadi mwaka 1533 jambo hili nchini Uingereza lilikuwa la mahakama za kanisa, yaani lilihesabiwa kuwa dhambi. Mwaka huo, chini ya Mfalme Henry wa Nane, bunge lililifanya jinai yenye adhabu ya kifo, na wanaume wawili wa mwisho kunyongwa kwa kosa hilo, James Pratt na John Smith, walinyongwa mwaka 1835 nje ya gereza la Newgate, London. Kifo kiliondolewa mwaka 1861 na kifungo kikabaki. Sheria za namna hiyo zikasafiri na dola ya Waingereza: kanuni ya adhabu ya India ya mwaka 1860 iliibeba, na makoloni mengi yakairithi, hivyo leo watu hutetea kama mila ya mababu kifungu kilichoandikwa na maofisa wa kikoloni.

Mwaka 1957 kamati ya serikali iliyoongozwa na John Wolfenden ilipendekeza kwamba yale watu wazima wanayofanya faraghani kwa hiari yao yasiwe kazi ya polisi, na mwaka 1967 bunge likalikubali hilo kwa England na Wales. Sasa tazama ni nani walioliunga mkono. Pamoja na wahumanisti alikuwamo Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye aliendelea kuamini kwamba tendo lenyewe ni dhambi, lakini akasimama katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la bunge, kutetea kwamba dhambi haipaswi kuwa jinai kwa sababu tu ni dhambi. Dada, huo ndio usekula wote ninaoutetea, yaani kuitenga serikali na dini. Tumezoea kusikia kwamba serikali haina dini ingawa watu wake wanazo, na Ramsey alilitenda hilo akiwa amevaa joho lake la uaskofu. Anayekuambia kwamba usekula ni vita dhidi ya waumini anapaswa kwanza amweleze yeye.

Muungano wa wapenzi wa jinsia moja na wahumanisti ulizaliwa miaka kumi baadaye, kwa kesi. Mwaka 1977 Mary Whitehouse, mwanaharakati wa maadili ya Kikristo, alilishtaki yeye binafsi gazeti la Gay News na mhariri wake, Denis Lemon, kwa kosa la kukufuru, baada ya gazeti kuchapisha shairi kuhusu Yesu msalabani. Walipatikana na hatia. Lemon alitozwa faini na kupewa kifungo cha nje cha miezi tisa, ambacho kilifutwa katika rufaa, ila hatia ikabaki. Bi Whitehouse aliwalaumu mashoga na wahumanisti kwa pamoja kama kundi moja lenye njama, wakati ambapo kundi hilo halikuwapo; mwaka 1979 likaundwa kweli, likiitwa Gay Humanist Group, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Gay and Lesbian Humanist Association, na rais wake wa kwanza akawa mwandishi Maureen Duffy.

Najua shairi lile lingekuumiza hata wewe, na sitakuomba ulipende. Nakuomba utazame sheria iliyotumika. Mwaka 1990 Waislamu wa Uingereza walikwenda mahakamani kutaka sheria hiyohiyo iwalinde dhidi ya kitabu walichoona kinautukana Uislamu, na mahakama ikawajibu kwamba sheria ya kukufuru inalinda Ukristo pekee. Ndivyo dola yenye dini rasmi inavyofanya kazi: humwadhibu asiyeamini, kisha ikamgeuzia mgongo anayeamini tofauti. Sheria hiyo ilifutwa England na Wales mwaka 2008. Hata hivyo maaskofu 26 wa Kanisa la Uingereza waliendelea kukalia viti vyao katika Baraza la Malodi wakipiga kura juu ya sheria za wote, jambo ambalo sisi wahumanisti tumelipinga miaka yote, na tungelipinga vilevile kama viti hivyo vingekuwa vyetu.

Mabadiliko yaliyomhusu mtu kama yule bibi yalikuja polepole. Mwaka 1999 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya mwisho ya rufaa, lilikubali kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba Martin Fitzpatrick alikuwa mwanafamilia wa marehemu John Thompson, mwenzi wake tangu mwaka 1976, ambaye Fitzpatrick alimuuguza nyumbani kwa miaka minane baada ya Thompson kujeruhiwa kichwa katika ajali, na kwa hiyo asiondolewe kwenye nyumba yao ya kupanga. Sikuweza kusoma hukumu hiyo bila kukumbuka kibweta cha miwani; ilikuja mwaka mmoja tu baada ya mazishi yale. Desemba 2005 watu wa jinsia moja walianza kusajili ubia wa kiraia, wenye haki za mirathi, pensheni na kutambuliwa kama jamaa wa karibu, na tarehe 29 Machi 2014 zikafungwa ndoa za kwanza England na Wales.

Kuhusu ndoa hizo kuna jambo ambalo wengi nyumbani hawajaelezwa. Mwaka 2009 Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, wale waitwao Quaker, waliamua kwa dhamiri yao ya kidini kwamba wanataka kuwaoza watu wa jinsia moja, na sheria ikawakatalia. Serikali ilikuwa inawazuia waumini kuabudu walivyoamini, kwa ajili ya kulinda mafundisho ya waumini wengine. Sheria ya mwaka 2013 ilifungua mlango kwa wanaotaka, wakiwamo Quaker, ikasema wazi kwamba hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa, na ikaliacha Kanisa la Uingereza nje kabisa ya utaratibu huo. Mimi nisiye na dini nilifurahi kwa ajili ya Quaker kana kwamba ni ushindi wangu, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Sasa nije kwenye sherehe yenyewe. Kama mdogo wako anaishi Scotland, mhumanisti atakayewaongoza anaweza kuwa na mamlaka ya kisheria, kwa sababu huko ndoa za kihumanisti zinatambuliwa tangu mwaka 2005. Kama yuko England au Wales, sherehe ya mhumanisti haina nguvu ya kisheria, na watalazimika kutoa taarifa kwa msajili angalau siku 28 kamili kabla, kisha kutia saini mbele yake siku hiyohiyo au siku nyingine. Hivyo usishangae ukisikia harusi inatajwa kwa tarehe mbili, wala usidhani kwamba wanaficha kitu. Mbele ya msajili hakutakuwa na maandiko wala nyimbo za dini, kwa kuwa sheria ya ndoa ya kiserikali haiviruhusu.

Katika sherehe hutaambiwa ukane chochote, na hutaitikia kiapo cha kumkana Mungu, kwa sababu hakuna kiapo cha namna hiyo. Utasikia jinsi walivyokutana, ahadi walizoandika wenyewe, pengine shairi au muziki. Wengi wetu huweka kipindi cha ukimya, na mimi husema kila mara kwamba anayetaka kusali katika ukimya huo asali. Sisemi hivyo kwa adabu tu. Katika harusi moja niliyoiongoza, mama wa mmoja wa maarusi alifika akiwa ameniambia mapema kwamba haikubali ndoa ile na kwamba amekuja kwa sababu ni mwanawe. Ukimya ulipofika aliinamisha kichwa, tasbihi mkononi, na midomo yake ikasogea muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilingoja. Mwanawe alimtazama, akaninong'oneza nisiendelee mpaka amalize, na watu tisini wakakaa kimya hadi mama yule alipoinua uso.

Hukuniuliza kama ubadilishe unavyoamini kuhusu dhambi, nami sikuombi. Mwandikie tu mdogo wako umuulize tarehe ya kwenda kwa msajili. Wanahitaji mashahidi wawili wa kutia saini, na kwa jinsi ulivyomweleza hapa, huenda amekuwa akitaka kukuomba uwe mmojawapo akaogopa jibu lako.