Binti yangu amekasirishwa na utendi

SWALI: Shikamoo, Bibi. Binti yangu wa kidato cha tatu amesoma Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la mama akimuusia binti yake, akafunga kitabu kwa hasira. Ati mume apepewe, akilala asiamshwe! Nimwambie nini? (Mama wa Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hasira yake usiizime. Mimi nami niliusoma nikiwa kigori, nikachukia pale mke anapotakiwa apate radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume.

Lakini mrudishe kwenye beti za mwanzo. Ni mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham, mjane, anaumwa mwaka mzima sasa. Anamwita binti yake asogee karibu, aje na nini? Wino na karatasi! Hapo mimi hukaa sana. Wengi hukimbilia upepeo wakaupita ule wino, ndiyo maana tumebaki na picha moja tu ya mwanamke wa pwani: mtiifu, kimya. Huyu hakuwa kimya hata kidogo.

Usomeni pamoja, kwa sauti. Kisha mwache atunge beti zake za kumjibu Mwana Kupona, mizani (yaani silabi) nane kila mshororo. Akimaliza, niletee nizisome.